Mikia Hurudi Jioni

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Bibi yangu mpendwa, shikamoo. Natumaini huko uliko hujambo, na kama huko hakuna kuumwa, basi natumaini umepumzika. Mimi mjukuu wako sijambo, isipokuwa goti. Mwanangu, yaani kitukuu chako, hajambo, yuko mji wa pili na kazi yake ya unesi. Mumewe hajambo, anakusalimu ingawa hakujui. Binti yao, kilembwe chako, hajambo, ameng'oka meno mawili ya mbele. Paka hajambo. Yule wa stoo naye hajambo. Jina lake silijui mpaka leo, anakusalimu kwa kugonga ukuta mara mbili, kama kawaida yake. Marehemu mume wangu nisalimie wewe, yuko karibu.

Daftari hili kanipa mwanangu. Kasema, Mama, yaandike humu, usinipigie simu mara tisa kwa siku. Mara tisa! Zilikuwa saba. Mbili zilikuwa za kumkumbusha sweta. Shajara siijui. Niliishia darasa la nne, tulifika kwenye barua. Basi nakuandikia wewe.

Habari yenyewe mbaya. Jumamosi anakuja na maboksi. Kasema duka langu la vitabu haliingii mtu, mimi nimeanguka ngazi mara mbili, nifunge nikakae kwake chumba cha wageni. Nikae kule kama begi! Rafu hizi kazichonga mume wangu kwa mkono. Kusoma sawasawa nimejifunzia hapa hapa, nikipangusa vumbi. Siendi.

Nina mpango. Unakumbuka maneno yako ya mbuzi? Unamshika mkia kabla hajauzwa, unamnong'oneza, na jioni anarudi nyumbani mwenyewe. (Wanunuzi walikuchukia mpaka ukahama. Lakini mbuzi walirudi.) Nitavifanyia hivyo vitabu. Kitabu kikitaka kurudi, mwenyewe atakirudisha, na akija atachukua kingine.

Shida, kitabu hakina mkia. Nimefikiri mpaka uji umeungua. Ukurasa wa mwisho! Nimezishika zote, kitabu kimoja kimoja, nikinong'ona. Vidole vimekufa ganzi. Yule wa stoo kagonga mara tatu. Furaha hiyo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Vitabu kumi na moja vimetoka! Mwalimu Mstaafu kachukua cha upelelezi. Fundi cherehani wa jirani kachukua cha mapenzi, kinene, huku akiangalia pembeni. Ajabu. Siku zote anasema kusoma kunamuumiza kichwa.

Saa kumi na mbili jioni nikasikia kitu juu ya bati. Tiki tiki, tiki tiki. Mvua, nikasema. Nimetoka nje na mwavuli. Kukavu. Mbingu nyeupe, hata ndege hakuna. Nimerudi ndani, paka yuko juu ya kabati na mkia kama ufagio. Hashuki. Duka linanuka majani mabichi.

Nimempigia mwanangu kumuuliza kama kwake kunanuka. Mara moja tu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Wateja wamerudi! Sijafungua hata kufuli, wamesimama mlangoni saba. Nikafurahi. Nikawaambia karibuni, karibuni.

Walikuja kugomba. Mwalimu Mstaafu alikuwa anagonga fimbo chini. Kasema amekesha na mpelelezi kurasa mia tatu, mpelelezi kawaita watu wote sebuleni, kanyoosha kidole, akafungua mdomo, basi. Ukurasa wa mwisho haupo. Kaniuliza nani kanilea. Nisamehe, Bibi, sikukutaja.

Na wengine vile vile. Haukuchanwa. Haukukatwa. Kama vile kitabu kilizaliwa bila mwisho. Mwalimu kasema ana miaka themanini na miwili na daktari wake hana furaha naye, kwa hiyo hana nafasi ya kumsubiri muuaji. Nimemwahidi mwisho wake Jumamosi. Wote nimewaahidi hiyo Jumamosi, saa kumi na mbili. Kwa nini nimesema hivyo sijui. Mdomo ulitangulia.

Mwizi ninamjua. Bwana Fotokopi wa ng'ambo ya barabara. Ana mashine ya kukatia karatasi, ina kisu kirefu kama mkono. Na ndiye anayewaambia watu mimi mchawi. Mimi si mchawi! Nina maneno machache tu ya urithi.

Nimekwenda kutoa nakala ya kitambulisho. Nakala kumi na moja, ili niwe na muda. Alipoinamia mashine nikaingiza kichwa kwenye pipa lake la makaratasi. Kuingia kuliingia. Kutoka ndiyo shughuli. Walinivuta yeye na fundi cherehani, kila mmoja na mguu wake. Bwana Fotokopi akaniuliza, mama, ulikuwa unatafuta nini humo? Nikasema hereni. Akaangalia masikio yangu. Zilikuwepo zote mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Leo mtego. Saa kumi na moja nimemwaga unga sakafuni, kuanzia mlangoni hadi rafu ya mwisho. Nikafunga kwa kufuli, nikaenda kukaa barazani kwa fundi cherehani, jicho moja kwenye sindano yake, jicho moja kwa Bwana Fotokopi. Fundi kasema nikimkodolea macho mwanamume namna hiyo watu watanitafutia mahari. Nikamwambia anyamaze ashone.

Bwana Fotokopi hakuinuka kwenye kiti. Saa kumi na mbili kamili akainua uso, akaangalia juu. Juu ya bati langu! Rangi ikamtoka. Fundi naye akaacha cherehani. Tiki tiki. Kuku wa mtaa wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nimefungua duka. Kwenye unga kuna nyayo. Ndogo, mbilimbili, zimechongoka. Nyingi. Zimeanzia chini ya mlango zikaenda mpaka chini ya rafu ya mwisho. Za kurudi hakuna hata moja. Nywele za mikono zimesimama, Bibi, na mpaka nikiandika hivi bado hazijalala.

Chini ya rafu sikuchungulia. Nimefagia unga, nimefunga, nimekuja kulala na taa.

Lakini akili haikulala. Nimeshajua. Bwana Fotokopi amefundisha mbuzi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimemwendea asubuhi. Nikamuuliza, mbele ya wateja wake, mbuzi amemficha wapi. Wateja wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Yeye hakucheka. Kanisogeza pembeni, kaniuliza kwa sauti ndogo kama na mimi nasikia zile kwato za jioni. Nikamwambia asijifanye mjinga.

Jioni nimejificha nyuma ya kaunta na mwiko. Paka kakataa kunisindikiza.

Saa kumi na mbili. Kwanza bati. Halafu ukuta, kama kitu kinateremka. Halafu kimya. Halafu chini ya mlango ikapenya karatasi. Ikasimama. Ilisimama kwa pembe zake mbili za chini, ikajitikisa vumbi, ikaanza kutembea. Nyuma yake nyingine. Na nyingine. Zinatembea kwa mstari, kimya kimya, tiki tiki, zinapita mbele ya pua yangu. Ndogo moja, ya tangu Jumanne, ikatoka chini ya rafu kuzipokea ikichechemea, pembe moja imekunjika. Zikaingia chini ya rafu ya mwisho, zikajilaza moja ubavuni mwa nyingine.

Nikachungulia. Zinapumua.

Nimezihesabu. Ishirini na nne, sawa na vitabu vilivyotoka tangu Jumanne. Nikaita taratibu, kama ulivyokuwa ukiita zizini, na zote zikainua pembe zile za juu. Kama masikio.

Bibi, si Bwana Fotokopi. Ni mimi. Nilishika mkia, ukarudi mkia. Mbuzi ameshikana na mkia wake. Kitabu hakijashikana hivyo. Kiliponunuliwa na kuondoka, mwili ukabaki ulikokwenda.

Nimejaribu kuzifungua. Maneno nayajua nusu, ya kuita tu. Ya kuachia ulisema utanifundisha kesho, na hiyo kesho ukafa. Sikulaumu. Lakini ungesema yote siku ile.

Na kesho ndiyo Jumamosi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mwanangu kafika saa kumi na moja na binti yake. Kapendeza! Kasuka misuko mirefu mpaka kiunoni, siku nzima kwenye kiti, na mtoto kamfunga ushanga mwekundu kwenye msuko mmoja wa nyuma. Kashika maboksi yamekunjwa chini ya kwapa. Kafika mlangoni akasimama.

Duka limejaa. Hakuna pa kuweka mguu. Mwalimu Mstaafu kwenye kiti, kaletewa mto. Wengine wamekaa ngazini. Mwanangu kaniuliza kwa mshangao hawa wote ni wateja? Nikasema ndiyo, wanarudi wenyewe. Si uongo huo.

Na nani kaingia wa mwisho? Bwana Fotokopi. Na kitabu cha mapenzi, kile kinene, kakifunika na gazeti. Kumbe fundi cherehani alitumwa! Wiki nzima anasikia kwato na mkononi anacho kitabu kisicho na mwisho, na anaona aibu kuuliza. Nilimwambia hapa hatumcheki mtu kwa kusoma. Halafu nikacheka kidogo.

Saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeuma kanga mdomoni. Bati likaanza, na watu wote wakaangalia juu. Taa ikafifia. Mtoto mmoja akamshika mama yake. Nikasema kwa sauti nisiyoijua, kaeni, hazina madhara, zinarudi nyumbani tu.

Zikaingia. Na za chini ya rafu zikatoka kuzipokea.

Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani hofu ilizidi kelele. Mwalimu alivua kofia. Ule ukurasa unaochechemea ukatembea mpaka kwenye kiatu chake, ukasimama, ukapanda suruali, ukajilaza gotini. Mzee akavaa miwani. Akasoma. Halafu akacheka mpaka akatoa machozi, akasema mpishi! Nilijua ni mpishi! Hapo kila mtu akatafuta wake. Duka lilikuwa linanong'ona lote, kila mtu anasoma mwisho wake, na karatasi zinapumua magotini kama watoto waliolala.

Bwana Fotokopi alifika mwisho akafunga kitabu na kuangalia ukuta kwa muda mrefu. Sikumuuliza.

Mwanangu alikaa juu ya maboksi. Kaniuliza, Mama, umefanya nini? Nikamwambia. Yote. Akashika kichwa. Kasema niape sitakishika mkia kitu chochote tena. Nikaapa. Kisha akaangalia rafu za baba yake, watu wamezijaza, akasema basi, baki. Maboksi tutayatia vitabu vipya.

Bibi, nimebaki!

Jumapili, tarehe 9 Juni

Wameondoka saa nane mchana. Nimefunga chakula, nimefunga sweta. Wamecheka lile sweta.

Nyumba kubwa hii. Sikujua.

Jioni kurasa zimerudi tena, za wote waliozichukua jana. Mwalimu Mstaafu kaja nyuma ya wake na fimbo, anauchunga barabarani taratibu, anasalimia watu. Kachukua kitabu kingine. Nikamwambia kina mwisho ule ule wa kutoroka. Kasema ndiyo maana anakitaka, daktari kamwambia atembee.

Kuna jambo dogo. Mwanangu alipoinama kuniaga, ule msuko wa ushanga ulianguka mkononi mwangu. Ulianguka wenyewe. Nikaushika nchani, kidogo tu. Nikanong'ona. Hata hakuhisi.

Yule wa stoo anagonga tangu saa nane. Hajapumzika. Naona na yeye kawazoea wageni.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Bibi yangu mpendwa, shikamoo.

Saa kumi na mbili kurasa zimekuja, zimelala. Nikadhani zimeisha. Nikainuka kufunga. Chini ya mlango kukapenya kitu chembamba, cheusi, kirefu. Hakikutembea kwa kwato. Kilikuja kwa kujivuta, na mbele yake ushanga mwekundu unagonga sakafu. Tik. Tik. Tik. Kimechoka, kina vumbi la safari. Kutoka mji wa pili si karibu, ndiyo maana kimechukua siku moja.

Kimepanda mapajani. Kina joto, Bibi. Kinanuka mafuta yake ya nywele.

Mwanangu kapiga simu mara tisa. Mara tisa! Yeye! Sijapokea, nilikuwa naupangusa msuko. Nimeuweka kwenye kikapu cha sufi karibu na kitanda, na paka kahama nyumba.

Najua utasema nimeapa. Nimeapa, na nimekosea. Kosa lenyewe nimeliona. Sikupaswa kushika nywele, nywele ni kama ukurasa, hazijashikana na mtu sawasawa. Anakuja tena Jumamosi, kasema kwenye ujumbe, kwa hasira, lakini anakuja. Safari hii sitashika ncha. Nitamshika mkono, mkono mzima, imara, mpaka kwenye kiwiko.

Yule wa stoo anapiga ukuta kwa mateke sasa. Kafurahi.

Nisalimie mume wangu. Na nijibu upesi, Bibi, alama yoyote itatosha, ila kabla ya Jumamosi: nishike wa kulia au wa kushoto?