Wakulima Watano na Sehemu Tano za Nane

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Ndugu Makamu wake, Ndugu Katibu wa Makamu, waheshimiwa mashehe, wachungaji na mapadri, Mzee Bushiri aliyetuazima viti hivi kutoka dukani kwake Uyole, wataalamu, wadau, wadau wa wadau, na wananchi wa Ihangamo kwa vyeo vyenu vyote, itifaki imezingatiwa, na kama kuna ambaye hajazingatiwa basi ajizingatie mwenyewe. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Mimi, Silvester Mwakalobo, Mratibu Mkuu wa Programu Shirikishi ya Ugawaji Endelevu wa Maji ya Mpunga, nimesimama hapa kwa unyenyekevu ambao hata wakubwa zangu Mbeya wameusifu kwa maandishi, kuzindua mfereji wa kisasa wa zege, baada ya semina elekezi ya siku nne Iringa mjini na ziara ya mafunzo Madibira, ambako tulijionea mifereji ya wenzetu vizuri sana kupitia dirisha la gari. (Mtu anakohoa.)

Ndugu wananchi, kwa miaka mingi ninyi wakulima kumi mmekuwa mkigawana maji kienyeji, bila mpango mkakati wala dashibodi, kila mmoja akimwagilia robo tatu ya saa kisha akimpisha mwenzake, na ndiyo maana siku nane zilizopita niliagiza lango lenu la mbao lifungwe kwa kufuli ili kupisha mchakato, na ufunguo nikamkabidhi Ndugu Vitus, mgawa maji wenu, aliyeuvaa shingoni pale. (Minong'ono. Mwanamke mmoja anasema mpunga unachanua na udongo umeanza kupasuka.) Nimekusikia mama, na kupasuka huko tumekuingiza kwenye ripoti.

Sasa nije kwenye takwimu. Maji yanakuja kwa muda wa saa saba na nusu kila siku, na kila mkulima anahitaji robo tatu ya saa. Timu yangu imegawanya saba na nusu kwa robo tatu, mchana kutwa, kwa kompyuta mbili, ikapata wakulima watano na sehemu tano za nane. Mtaalamu mmoja, binti aitwaye Juliana, alitaka kuigeuza ile robo tatu, cha chini kikae juu na cha juu kikae chini, ndipo azidishe, nami nikamuuliza kwa idhini ya nani, kwa sababu ofisini kwangu kila kitu hubaki mahali kilipowekwa. Alipofanya kwa siri alipata kumi. Ndugu zangu, tangu darasa la tatu tunajua kwamba ukigawanya, kitu hupungua. Saba na nusu igawanywe halafu izae kumi? Huo ni utovu wa nidhamu, na binti nimemhamishia masijala. (Kicheko kutoka viti vya nyuma.)

Kwa hiyo watakaopata maji ni watano wa mwanzo kwenye orodha. Wa sita, Mzee Saulo, atahudumiwa kuanzia nyayo hadi kifuani, na sehemu iliyobaki itasubiri awamu ya pili. Wanne wa mwisho tunawashukuru kwa uvumilivu. Naona mkono. Sema mama, kwa kifupi.

(Anasimama Tumpe, yule wa mpunga unaochanua. "Mheshimiwa, Vitus anafungua saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu robo tatu yake. Mimi ndiyo wa kumi, na nikimaliza inakuwa saa saba na nusu mchana, maji nayo yanaisha. Misimu sita iko hivyo hivyo. Hapo sisi hatujagawa, tumehesabu tu hizo robo tatu ziko ngapi. Leo nisipopata maji, mpunga utakuwa pumba tupu, utakuja kuzila wewe?" Watu wanapiga meza.)

Ahsante mama kwa mchango wako mzuri, ingawa uzoefu wa misimu sita si sampuli ya kutosha kitaalamu. Suala lako tutalichakata, tuliboreshe, kisha tulirudishe kwenu kama andiko dhana ifikapo mwezi wa kumi na moja, na wakati huo... Ndugu Vitus, mbona unauvua huo ufunguo? (Vitus anamkabidhi Tumpe ufunguo. Wakulima wote kumi wanainuka, majembe begani. Mzee Saulo anatangulia, mzima mzima.)

Naam, huo ndio mwamko ninaoutaka! Wanahabari, pigeni picha! Nikisema "maji", mseme "kwa takwimu"! Maji! (Wakulima wanaelekea langoni.) Ihangamo! (Kuku anaitikia.) Sehemu kwa sehemu, tutafika!

Kwa kumalizia, naishukuru kamati, namshukuru Mzee Bushiri, naishukuru familia yangu kwa kunivumilia. Na zaidi nawashukuru ninyi mnaokimbilia lango la mbao, ambao hivi sasa mnakatiza katikati ya mfereji wetu mpya wa zege, hapo kwenye nyasi, wenye urefu wa kilomita mbili na nusu, uliokamilika kwa asilimia mia moja, kwa kuuvuka wote kumi bila hata mmoja wenu kukunja suruali wala kuruka.