Mjomba Aliyejileta

Asubuhi ya Jumatatu, mbele ya ofisi moja ya mikopo mjini Morogoro, watu walisoma karatasi iliyobandikwa ukutani, wakaondoka wamenyong'onyea. Sufiani Kibwana aliisoma akaondoka akipiga mluzi. Ilikuwa orodha ya wafanyabiashara wadogo waliopewa mkopo wa serikali baada ya mafuriko, na sasa marejesho yamewashinda. Jina kamili, biashara, mtaa. Wengine waliona aibu, yeye aliona wateja.

Tumtendee haki Sufiani, hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na yeye tangu azaliwe hakuwahi kuingia kwa mtu bila kukaribishwa.

Alimchagua Eufrazia Wilfred, mwenye mashine ya kusaga nafaka Kilakala. Maji yaliyoshuka milimani yalizamisha mota yake, akakopa, akanunua nyingine, na sasa alikuwa nyuma miezi minne. Karatasi haikumung'unya maneno: asipofanya mpango kabla ya Ijumaa, mashine inabebwa.

Utafiti wa Sufiani ulimgharimu chai mbili na chapati. Akajua kwamba mama huyu ni Mluguru wa Matombo, na kwamba kwa Waluguru ukoo hufuata mama, hivyo mjomba ni mtu mzito. Yeye mwenyewe alizaliwa Kingolwira kwa wazazi waliotoka mbali, kwa hiyo mila hizo alizijua nusu. Aliona nusu inatosha.

Akaegesha pikipiki yake nyekundu, ambayo alimaliza kuilipia mwezi uliopita na kuipenda kuliko ndugu yeyote, akaingia akikohoa vumbi la unga.

“Wewe ndiye Eufrazia, mtoto wa marehemu Judith?”

“Ndiye. Karibu. Nani mwenzangu?”

“Bibi yako na mama yangu ni tumbo moja. Mimi ni mjomba wako, mwanangu.”

Eufrazia, aliyemzidi umri kwa miaka kumi na mitano hivi, alizima mashine. Akamtazama, akatazama pikipiki nje, akajifuta mikono kwenye kanga.

“Mjomba! Jamani, tumekutafuta!”

Sufiani alikuwa amejiandaa kwa maswali matatu au manne magumu. Hakuulizwa hata moja. Mtu mwenye hadhari angejiuliza kwa nini, lakini yeye alijipongeza kwa kipaji. Akaeleza kwamba ana mtu wake Dodoma anayefuta majina kwenye kompyuta. Ada ni laki tatu tu, bei ya ndugu.

“Mkopo wote unafutika?”

“Kama haukuwahi kuwepo.”

“Na mimi wiki nzima naambiwa haufutwi, unaongezewa muda tu! Basi Alhamisi njoo nyumbani, ndugu wakuone. Na uje na hiyo pikipiki na kadi yake, waamini kwamba mjomba anajiweza.”

Alhamisi mchana alikuta watu wapatao thelathini, wali na kuku, na kiti kilichotandikwa kitambaa. Akapigiwa vigelegele. Alikula sahani mbili huku jicho likiwa kwenye bahasha nene ya kaki iliyowekwa mezani. Pembeni ya bahasha alikaa mwanamume mwenye shati jeupe na mhuri, naye alitambulishwa kuwa ni bwana Fidelis, afisa wa mikopo. Sufiani akarudisha paja la kuku kwenye sahani.

Veronika, dada mkubwa wa Eufrazia, akasimama.

“Mjomba, mila unaijua kuliko sisi. Mpwa akielemewa na deni, anayesimama ni mjomba. Wetu alifariki mwaka juzi. Ofisini wanataka mdhamini wa familia mwenye mali, na sisi hatuna mtu. Mungu kakuleta wewe.”

Fidelis akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na fomu.

“Ukisaini hapa, tunamwongezea mama miezi kumi na minane na rejesho la mwezi tunalipunguza nusu. Kadi ya pikipiki itakaa kwetu mpaka amalize.”

“Lakini... yule mtu wangu wa Dodoma...”

“Hebu mweleze bwana afisa,” Eufrazia akasema kwa upole. “Yule anayefuta majina kwenye kompyuta. Anaitwa nani vile?”

Fidelis akageuza karatasi, akashika kalamu vizuri.

Sufiani akayapima yote mawili. Akiwa mjomba, pikipiki inaingia rehani. Asipokuwa mjomba, basi ni tapeli mbele ya watu thelathini walioshiba. Aliangalia lango. Lilikuwa limesimamiwa na wapwa zake wapya wanne, na kazi yao ya kila siku ni kubeba magunia.

“Nilikuwa natania,” akasema.

“Wajomba wana utani sana,” akasema Veronika, akamsogezea fomu.

Akasaini. Vigelegele safari hii vilikuwa virefu zaidi.

Eufrazia akamsindikiza hadi barabarani.

“Bibi yangu alizaliwa peke yake,” akamwambia.

“Kwa hiyo ulijua!”

“Kabla hujamaliza kunisalimia. Lakini kesho wangebeba mashine, na watoto wangu wanakula hapo. Niliogopa, baba, sikuwa na pa kushika. Nikilipa, kadi yako unarudishiwa.”

“Na usipolipa?”

“Basi niombee wateja, mjomba.”

Siku tatu Sufiani alinuna. Ya nne akapiga hesabu, akaona kwamba pikipiki yake itapona tu endapo watu wa Morogoro watakula ugali kwa wingi. Akaanza kuzunguka. Alimshawishi mwenye mgahawa, akamshawishi mpishi wa harusi, akamshawishi hata mama aliyekuwa na mashine yake mwenyewe. Mdomo ule ule uliozoea kuuza visivyokuwepo ulishangaa jinsi kilichopo kinavyouzika. Alichukia kazi hiyo na, ingawa asingekiri hata mahakamani, aliipenda.

Mwisho wa mwezi Eufrazia alikwenda ofisini na rejesho, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya tarehe ya kulipa. Akamkuta Sufiani kwenye foleni, amemshikia nafasi tangu saa moja asubuhi, amekasirika.

“Saa nne hii ndiyo unafika?” akamfokea. “Unataka watuone sisi ni ukoo gani?”