Wiki ya Kunyamazisha Injini

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Gari limeanza kugonga. Nikikanyaga mafuta, mlio unapotea ndani ya muungurumo. Nikisimama injini ikiwa inawaka, ko, ko, ko. Limechagua wiki mbaya. Ijumaa saa mbili asubuhi mama anapasuliwa jicho la kushoto. La kulia lilikufa mwaka jana kwa presha ya macho. Daktari wa upasuaji huja hospitali yetu mara moja kila miezi mitatu, na mama anataka kitu kimoja tu: kuuona uso wa mtoto wa dada, anayezaliwa mwezi ujao. Nimemwahidi nitamfikisha mwenyewe.

Jioni akaja shemeji, mume wa dada, fundi magari. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Kisha akachomoa waya za plagi, mmoja mmoja. Alipochomoa wa tatu, mlio ukapungua. Akasema ni beringi ya pistoni ya tatu, imelika. Pistoni isipochoma mafuta haisukumwi kwa nguvu, ndiyo maana inatulia. Injini ifunguliwe chini, siku tatu, na nisiliendeshe hata hadi dukani. Mama atampeleka yeye kwa gari lake.

Nikamshukuru. Moyoni nilicheka. Mtu anachomoa waya wa plagi, mlio unapungua, halafu anasema beringi! Ni plagi.

Jumanne, tarehe 10

Nimefunga plagi mpya ya tatu. Ko, ko, ko. Nimebadilisha zote nne. Ko.

Mama akatoka akipapasa ukuta, akauliza nani anabisha hodi. Nikamwambia ni seremala wa jirani. Akasema, Injinia, mpe shemeji yako hiyo kazi. Injinia ni jina alilonipa tangu nilipoifungua redio yake, ikakataa kufungika tena. Nikaumia. Tangu shemeji aingie katika familia hii, bomba likivuja anaitwa yeye, taa ikizimika anaitwa yeye. Mimi, mtoto wa kiume wa pekee, nashika tochi. Ijumaa sishiki tochi.

Jumatano, tarehe 11

Nimepata dawa. Oili nzito, ile ya trekta. Niliyoimwaga ilitoka na unga wa chuma unaometameta, inapendeza kuitazama. Nikajaza mpya, nikawasha. Kimya. Mama akasikiliza, akasema Mungu ashukuriwe.

Shemeji akapiga simu kuuliza Ijumaa amfuate mama saa ngapi. Nikamwambia hospitali imesogeza, ni Jumamosi. Nikampigia dada, nikamweleza hivyohivyo. Simu ya mama ninayo mimi, kwa kuwa haoni namba, basi hakuna wa kunichongea. Ni uongo mdogo, wa siku moja tu.

Alhamisi, tarehe 12

Injini ikipata moto, oili inakuwa nyepesi na kugonga kunarudi palepale. Tena taa nyekundu ya oili inapepesa. Nikakaza skrubu ya kuongezea mafuta, injini ikawa inazunguka kwa kasi hata gari likiwa limesimama. Mlio ukazama kwenye ngurumo. Taa bado ikapepesa mara mojamoja, nikaitoa balbu yake. Mama haoni. Mimi naona, na sitaki kuona.

Ijumaa, tarehe 13

Tuliondoka saa moja kamili. Mama kavaa gauni lake la buluu, hajala, kama alivyoagizwa. Njiani akasema gari limetulia, nimefanya kazi nzuri. Sikumbuki mara ya mwisho aliponisifu.

Kwenye mlima baada ya daraja, ukasikika kishindo kimoja. Kisha kingine. Chuma kimetoboa ubavu wa injini, tundu la kupitisha ngumi, oili ya trekta inatiririka barabarani. Magari yalitupita. Mama aliuliza tumefika wapi. Nilikaa dakika arobaini bila kumpigia shemeji. Nasema ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Nilipompigia, alikuwa mbali. Alichukua kazi nje ya mji, maana nilimwambia ni Jumamosi. Akaja kutuchukua, tukafika hospitali saa tano. Orodha ilifungwa saa nne. Nafasi nyingine ni Septemba. Muuguzi akatoa dawa ya matone, asubuhi na jioni, ikae kwenye friji, ikipata joto haifai tena. Akasema bila matone hayo jicho halifiki Septemba.

Shemeji alimfunga mama mkanda, akaturudisha nyumbani. Afadhali angenitukana.

Jumapili, tarehe 15

Shemeji kaifungua injini, kanionyesha beringi ya tatu. Imebaki nyembamba kama gamba la samaki. Kaiweka mkononi mwangu, kaondoka kunawa. Aliyenisema ni dada, na alisema yote.

Mama anajifunza nyumba. Kutoka kitandani hadi mlangoni, hatua sita. Nilimkuta akihesabu huku amelifumba makusudi lile jicho linaloona. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Ni mimi niliyemfanyia hivi, si mtu mwingine. Nimeapa sitagusa injini ya gari maisha yangu yote.

Jumanne, tarehe 17

Kiapo nimekitunza. Sasa ni friji ya mama ndiyo inayotetemeka, usiku na mchana, na mama analala chumba cha pili. Kaniambia niiache, shemeji atakuja kesho kuiangalia. Kesho! Na dawa ya jicho imo humo ndani. Mtoto gani anasubiri kesho?

Nimeivuta kutoka ukutani. Nyuma kuna bomba jembamba la shaba lililokuwa linagusana na bati, ndilo linalopiga kelele. Nimelikunja kidogo kwa koleo. Likatoa pumzi ndefu ya baridi, sss, kama linalopumzika baada ya kazi. Sasa friji haisikiki kabisa. Nimeirudisha mahali pake na kufunga mlango vizuri, matone yasipate joto.