Mtaa Usio na Kelele

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Tunanunua nyumba! Mke wangu ni muuguzi wa zamu ya usiku, mchana ndio usiku wake, na chumba tulichopanga kimepakana na mashine ya kusaga. Wiki iliyopita alisinzia kazini akaangukia kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa akamfunika shuka. Mkuu wa wodi ameshamwonya: ikitokea tena, kazi hana. Kwa hiyo sharti la mke ni moja tu, utulivu. Vigae na bustani nisimtajie. Shemeji, kaka yake, mjuaji wa kila kitu, amesema nichague jirani kwanza, nyumba baadaye, maana ukuta utaupaka rangi lakini jirani hapakiki. Nani kamuuliza?

Jumatano, 5 Machi

Nimeipata! Mwisho wa barabara. Hakuna duka, hakuna karakana, hata mbwa wa kule wanapiga miayo tu. Nilisimama katika chumba cha kulala nikasikia saa yangu ya mkononi ikitembea. Kasoro ni bei. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, hapunguzi ng'o, na dalali anasema Jumamosi analeta wateja wengine. Basi wateja hao wakimbizwe, mwalimu akate tamaa, bei ishuke. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi ninazo tele. (Upara wa kichwani ni habari nyingine.)

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata mpiga tarumbeta. Zamani alikuwa kwenye bendi ya harusi. Walimwondoa kwa sababu maharusi walikuwa wanalia, na si kwa furaha. Kumwambia ukweli siwezi, ana moyo mwepesi. Nimemwambia wakazi wa mtaa ule wanapenda muziki kupita kiasi, na wanamwomba akafanyie mazoezi kwenye kiwanja kilicho wazi, kando ya ile nyumba. Machozi yalimlengalenga. Hajawahi kuambiwa neno kama hilo maishani mwake. Roho iliniuma kidogo, kisha ikapoa.

Jumamosi, 8 Machi

Loo, patamu! Wateja wa kwanza waliingia, tarumbeta likalia, wakatoka kabla hawajaliona jiko. Wa pili hata garini hawakushuka. Msanii wangu aliniuliza mbona watu wanakimbia. Nikamwambia wanakwenda kuwaita wenzao. Akaongeza sauti.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu mstaafu amesalimu amri! Bei imeshuka mpaka dalali kanuna. Mwalimu alitia sahihi kwa mkono mmoja, mwingine umeziba sikio. Eti hata jirani wa upande wa pili amehama ghafla, nyumba yake i tupu. Mtaa unazidi kutulia, jamani! Nilimshukuru mpiga tarumbeta, nikamwambia sasa apumzike. Akasema mtu aliyepata wasikilizaji hapumziki. Nikacheka, nikadhani ni utani wa wasanii.

Jumapili, 30 Machi

Tumehamia. Mke alitoka zamu asubuhi, akafunga mapazia, akalala huku anatabasamu. Nikajiona mwanamume kati ya wanaume! Haikupita saa, tarumbeta. Halafu ngoma. Halafu tarumbeta jingine. Nikatoka mbio na kandambili moja. Mpiga tarumbeta ndiye aliyeipanga nyumba ya jirani! Tena kawaita wenzake, kawaambia kuna mtaa unaothamini vipaji. Alinikumbatia mbele yao wote, akanitambulisha kuwa mlezi wa bendi. Wakanipigia wimbo, na wimbo ulikuwa mrefu.

Nilirudi ndani nikamkumbusha mke kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Akasema ule si mlango, ni tarumbeta.

Jumatano, 2 Aprili

Mke ameondoka na mto wake. Amekipanga tena kile chumba cha zamani. Anasema umeme ukikatika, mashine ya kusaga hunyamaza. Bendi haina umeme wa kukatika. Shemeji alikuja kumbebea godoro, akausifia ukuta kwa rangi yake nzuri. Afadhali angenisema. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na nimemkumbuka mke wangu hata kabla hawajafika kona.

Jioni nilikaa nikatafuta kosa lilikuwa wapi. Nimeliona! Tarumbeta. Lina utamu fulani, mtu analizoea. Bendi ile itafukuzwa na kelele isiyo na wimbo. Nimekwenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea mageti. Kumwambia ukweli siwezi, ana hasira za karibu. Nimemwambia wakazi wa mtaa wetu wanapenda sana mafundi, na wanamwomba aje afanyie kazi zake kwenye kiwanja kilicho wazi. Amefurahi kupita kiasi. Ameniuliza kama kuna nyumba ya kupanga karibu.

Nimemwambia nitamtafutia.