Makabidhiano ya Gari la Bibi Harusi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye leo ni mimi mwenyewe kwa kuwa yule tuliyemwalika amepata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuchagua Gereji ya Kunyoosha Bodi na Kupiga Rangi Gari Kongwe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati hiyo. Mama yetu, mjane wa dereva aliyetuendesha sisi wakubwa miaka yote. Bibi harusi, mwanangu, pamoja na shela lako. Wakwe mliokaa juani. Itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika atusamehe. (Makofi ya wajumbe.)

Ndugu zangu, mama huyu alikuja ofisini kwangu na ombi dogo, kwamba gari aliloliacha marehemu, lile jeusi la zamani lililokuwa likiliwa na kutu nyuma ya nyumba, lipigwe rangi ili limpeleke binti yao harusini, kama baba alivyomwahidi tangu akiwa chekechea. Mtu asiye na dira angelipeleka kwa fundi. (Kicheko.) Sisi tukaunda mchakato.

Tulizunguka gereji zote kwa vigezo vya kitaalamu, shirikishi na endelevu, tukapima mwonekano wa kibao cha nje, ukarimu wa mapokezi na uimara wa viti vya wageni, kwa maana gereji isiyojali makalio ya mteja itajalije boneti? (Makofi.) Fundi mmoja alitupatia sumaku, akasema tuipitishe kwenye magari aliyoyamaliza, pasiposhika tujue chini ya rangi ni puti tupu iliyozibia kutu, si bati. Tulimpongeza kwa ubunifu, sumaku tukaibandika kwenye friji la ofisi, ripoti ikaendelea.

Ndipo nikaja na wazo ambalo, bila kujisifu, hakuna mwingine angelipata. Haki haitendeki kwa kumpa mmoja gari zima wenzake wakimeza mate. Tukalifungua. Boneti kwa huyu, buti kwa yule, milango kwa majirani wawili wasiosalimiana, kila mmoja apige rangi sampuli yake, kisha tulinganishe. (Minong'ono.) Asilimia tisini na tisa ya gari ilishirikishwa. Asilimia iliyobaki ni usukani, uko mezani kwangu, huwa naushika ninapofikiri mambo mazito.

(Mama, kutoka kiti cha mbele: "Baba, sasa gari lenyewe liko wapi?")

Swali zuri, mama, tena linaonyesha uelewa. Gari liko katika hatua mtambuka. Fundi mmoja amehama na buti, mwingine boneti ameifanya tangazo lake la biashara, jambo linaloonyesha jinsi mradi ulivyogusa maisha ya wananchi.

(Bibi harusi: "Mheshimiwa, tunasubiriwa ukumbini.")

Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Tuseme wote: Rangi kwanza! Gari baadaye! (Wajumbe: "Baadaye!")

Kwa kuhitimisha, namshukuru mwalimu mkuu wa shule ya jirani kwa kutuazima madawati, ambayo kwa kupangwa vizuri chini ya turubai hili yametupa umbo la gari mnalopiga nalo picha tangu mlipoingia, naomba lisivutwe. Nazishukuru gereji zote kwa kushiriki mchakato ambao, kwa mujibu wa kanuni zake, haukuwa na hatua ya kuchagua. Na mama, usione tumekutupa. Mlango mmoja umerudi, huu hapa, unang'aa. Binti akae kwenye benchi, aushike mbele yake hivi, atabasamu dirishani, na picha itatoka safi kabisa.

(Mama anasogea, anaupapasa mlango chini ya kitasa.)

("Huu si wetu. Wetu umebonyea hapa. Marehemu alikuwa akiufunga kwa goti, mikono imembeba huyu mtoto.")

Huko kubonyea, mama, ndiko tulikokuondoa. Katibu, andika kwenye mafanikio. Nawashukuru kwa masikio yenu.