Pole kwa Kila Mlango

Jumatatu, 8 Septemba

Wiki ya kwanza ugenini imekwisha na bado nipo. Shemeji yangu asikie! Alitangaza mbele ya wote walionisindikiza kwamba mwalimu mkuu mstaafu anayekwenda kusoma atarudishwa kabla soli za viatu hazijaisha.

Leo matroni wa bweni ametukusanya wageni. Mwezi wa kwanza ni wa kutazamwa. Atakayelalamikiwa na majirani atatoka. Ufadhili wangu ni wa anayekaa bwenini tu. Nikitoka hapa, moja kwa moja kwa shemeji.

Mpango: kupendwa na kila jirani. Silaha: adabu.

Jumatano, 10 Septemba

Nieleze, kwa faida ya mjukuu atakayerithi shajara hii. Kwetu mtu akijikwaa, hata kama jiwe ni la Mungu na mguu ni wake mwenyewe, unampa pole. Humpiti kama gogo. Wenyeji hawa hupitana kama magogo. Basi nimefungua kamusi, nikapata neno lao la pole, nikalikariri huku nikinyoa ndevu.

Jirani wa mlango wa pili, anayeipenda baiskeli yake kama mtoto wa kuzaa, alikuwa amechuchumaa ngazini mbele ya gurudumu lenye pancha. Nikampa pole. Nikaweka na mkono kifuani. Alinitazama, akalitazama gurudumu, akanitazama tena. Nimemgusa moyo!

Jumamosi, 13 Septemba

Jiko la umeme tunalotumia sote limeungua upande mmoja. Wamelizunguka kama wafiwa. Nikampitia kila mmoja: pole, pole, pole. Msichana mmoja akabeba sufuria yake, akajifungia nayo chumbani. Labda hapendi kulia mbele za watu.

Mchana mashine ya kufulia ikamwaga maji hadi ukumbini. Mimi nilikuwa maktaba. Nilirudi mbio nisije nikakosa kutoa pole.

Jumanne, 16 Septemba

Kiherehere amekuja. Huyu ni kijana wa kwetu, yuko mwaka wa tatu, lugha yao anaimwaga kama maji. Huniita Babu mbele ya watu, ilhali mvi zangu ziko kichwani tu. Kanivuta pembeni. "Babu, liache hilo neno! Huku ni neno la mkosaji. Ukilisema, umekiri kwamba ni wewe uliyefanya." Nikamwuliza kamusi imeandikwa na nani, yeye au wasomi. "Haya, Mwalimu," akasema. "Sikio la kufa hilo."

Namjua huyu. Chumba changu kina hita inayofanya kazi. Chake hakina. Mtaka cha mvunguni huinama. Huyu keshaanza kutambaa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo, nimetafuta methali. Haipo. Basi!

Alhamisi, 18 Septemba

Naitwa kwa matroni kesho asubuhi. Pancha, jiko, mafuriko: yote yameandikwa jina langu! Eti nimekiri mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Nimempigia mama watoto. Hakuuliza kama ni kweli. Ameuliza, "Umesema nini safari hii?" Nyuma yake nikasikia kicheko. Cha shemeji, nakitambua popote.

Suti nimeikunja begini, nikaitoa, nikaikunja tena.

Ijumaa, 19 Septemba

Ofisi ya matroni. Meza, ubao wa funguo, na paka wake mnene amelalia faili langu. Kiherehere amekuja kutafsiri bila kualikwa. Matroni akauliza kama ni mimi niliyefanya yale. Nikafungua kinywa nimpe pole kwa usumbufu wote huu. Kiherehere akanikanyaga kidole gumba!

Kisha akaeleza yeye. Maneno yakamwishia, akainuka, akajikwaa kwenye zulia kwa makusudi, akajipa pole mwenyewe. Matroni akacheka hadi paka akaamka. Halafu akaacha kucheka ghafla. Akautungua ufunguo wa akiba wa chumba changu, akauweka mezani. Nikisikika tena nikilitamka lile neno, atakuja nao mwenyewe kunitoa. Nikaapa.

Nje, Kiherehere akauliza, "Babu, umeelewa lakini?" Nikamwambia nilikuwa nikifundisha ufahamu kabla baba yake hajaota meno. Nitamshukuru siku moja. Si leo, atavimba kichwa.

Jumapili, 21 Septemba

Msiba! Paka wa matroni haonekani tangu jana. Matroni amebandika picha yake kila mlango, na macho yamemvimba. Anamsimamisha kila mtu korido nzima, anauliza nani amemwona, anamkazia macho. Bweni zima linatembea kwa ncha za vidole.

Kiherehere amekuja mbio: "Babu, leo usitoke. Nakuomba. Na usiseme kitu!" Sijasema kitu. Ahadi ni deni. Lakini nieleze: niliapa kutolitamka lile neno. Kuliandika sikukatazwa. Ndiyo faida ya shule.

Nimenunua kadi nzuri. Neno nimeliandika katikati, kwa herufi kubwa. Juu yake nimegundisha picha ya paka, asije akadhani bado tuko kwenye jiko. Chini, jina langu kamili na nambari ya chumba, asihangaike kutafuta wa kumshukuru. Nimeipenyeza chini ya mlango wake.

Huku hawapigi hodi, wanagonga tu. Kuna mtu anagonga sasa hivi. Kwa nguvu, na funguo zinalia. Mapema hivi! Ngoja nivae koti. Mtu mzima hashukuriwi akiwa na singlendi.