Mgodi wa Babu Zeke Usivunjwe, Kuna Mtu Ndani

Kwa Bwana Preston Ackley,
Meneja Mkuu, Bustani ya Michezo ya Tamarack,
Ohio.

Ndugu Meneja,

YAH: KUSUDIO LENU LA KUVUNJA MGODI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kizuri, na umeshakula, maana sitaki lawama kwamba nimekuharibia chakula. Mimi ni Wendell Hruska, fundi bomba mstaafu na mwenyekiti wa Chama cha Marafiki wa Mgodi. Pengine unanikumbuka. Mimi ndiye yule aliyesimama kwenye mkutano wenu wa Agosti, pale ukumbi wa zimamoto, akazungumza mpaka mkamzimia kipaza sauti, naye akaendelea bila kipaza sauti.

Siku ile ulitutangazia kwamba Mgodi wa Babu Zeke utavunjwa majira haya ya baridi. Mgodi huo tangu mwaka 1974 umekuwa ukiwapitisha watu gizani kwa vigari vya chuma, kuwatazama Babu Zeke na wachimba dhahabu wenzake, masanamu yanayojitikisa kwa mashine. Mahali pake mtajenga mchezo wa miwani na skrini wa yule kindi wa buluu wa kwenye simu, anayeitwa Pixo. Ukamaliza kwa kusema, "Tunaziheshimu sana kumbukumbu zenu." Bernie Oblak, katibu wetu, akaninong'oneza, "Basi tumekwisha. Mkubwa akianza kuheshimu kumbukumbu zako, ujue tingatinga keshalikodi."

Kwa adabu zote naleta malalamiko yetu. Nimeyatia namba ili msije mkasema mlipotea njiani.

1. Harufu. Mgodi unanuka, hilo hatubishani. Ni maji yaliyolala, mafuta ya mashine, na zulia ambalo tangu litandikwe halijakauka. Nimeshika mabomba ya watu maisha yangu yote, kwa hiyo kunuka nakujua, na nakuhakikishia kwamba Mgodi unanuka kwa heshima. Mtaalamu wenu alituambia mchezo mpya utapuliziwa harufu ya vanila. Vanila, Ndugu Meneja. Ni mgodi gani umewahi kunukia keki? Tunaomba ile harufu ya zamani ihifadhiwe kabla ya kubomoa. Kama wataalamu wenu hawajui namna, niiteni, maji ya kulala siyakosi.

2. Mbuzi. Katika chumba cha pili yupo mbuzi anayetafuna kofia ya Babu Zeke. Kichwa chake kilidondoka binti yangu Marcy akiwa darasa la pili, na tangu hapo shingo inaendelea kutafuna peke yake. Nyinyi mnauita ubovu, sisi tunauita utamaduni. Msisahau kwamba mwaka mmoja mlimletea kichwa kipya, tukaandamana mpaka mkakitoa. Niliongoza maandamano yale mimi mwenyewe. Wapo watu wazima katika wilaya hii, wenye kazi nzuri na watoto, ambao mpaka leo wakimwona mbuzi mwenye kichwa wanahisi kuna kitu kimezidi.

3. Mama wa kufua. Kina mama wa maktaba wamewaandikia kwamba chumba cha mama wa kufua anayekimbizwa na wachimba dhahabu watatu kuzunguka pipa ni mfano mbaya kwa watoto. Jibu langu ni fupi. Karibu miaka hamsini amekimbizwa na hajakamatwa hata mara moja. Mnataka ushindi gani tena? Marehemu mke wangu, Arlene, alikipenda sana chumba kile. Kila tukipita alikuwa akisema, "Jamani, mwacheni huyo mama akae chini walau siku moja." Mimi nililichukulia kuwa ni neno la kusifu uimara wa mashine.

4. Kukwama. Mhandisi wenu alijigamba kwamba mchezo mpya hautakwama kamwe. Watu wa huku basi wataoana vipi? Mimi nilimposa Arlene kigari kikiwa kimekwama kati ya mbuzi na chumba cha baruti. Sikuwa na pete, sikuwa na maneno, nilikuwa na giza tu na muda. Arlene alinijibu, "Wendell, tukitoka humu tutaongea." Hatukutoka upesi, akakubali. Sasa mnataka kila mtu avae miwani yake, amtazame kindi wake, na kigari kisisimame mpaka mwisho. Kijana wa siku hizi atajikuta amemposa kindi.

5. Kuna watu, na mmoja wao anaandikia gazeti la wilaya, wanaosema kwamba sisi ni wazee tunaolilia ujana wetu. Naomba kulifunga jambo hili. Kabla ya Mgodi palikuwa na Handaki la Wapendanao, mitumbwi ya kupita kwenye maji gizani, na mama yangu mzazi alilipenda kupita kiasi. Lilivunjwa ili Mgodi ujengwe, na Mgodi ulipofunguliwa alikuja nasi mpaka langoni, akagoma kushuka garini, akakaa humo mchana kutwa na madirisha yamefungwa. Alituambia, "Hicho ni kibanda cha masanamu. Mchezo waliuua." Nilimcheka, na leo angekuwepo ningemcheka tena. Mama alikuwa analilia ujana wake. Sisi tunatetea msimamo. Tofauti iko wazi kabisa, na ningeomba katika mkutano ujao tusiulizwe tena.

6. Mlituonyesha michoro ya kuthibitisha kwamba Mgodi ulikuwa ukizunguka mtupu. Ni kweli, Jumamosi nyingine nilikuwamo peke yangu, mimi na Babu Zeke. Lakini tulipoanzisha ombi la kuuokoa, watu kutoka kila pembe ya nchi walitia sahihi. Mwanamke mmoja wa Arizona aliandika kwamba mnamuulia utoto wake, na nilipomwandikia kumwomba aje apande, alisema Ohio ni mbali na isitoshe ana kizunguzungu. Hata Bernie, aliyejirekodi akilia siku ya mwisho ya Mgodi kupokea watu, hadi video yake ikaonyeshwa kwenye habari, nilimuuliza alipanda lini kabla ya siku ile. Alinitazama kama niliyemtukania dini. "Mgodi si wa kupanda, Wendell," akaniambia. "Mgodi ni wa kuwepo." Nyinyi wenye hesabu hamwezi kulielewa jambo hili, ndiyo maana naliandika taratibu.

7. Sasa nafika penyewe. Yaliyotangulia unaweza kuyajadili na bodi yako, lakini hili nakuomba ulisome peke yako, umefunga mlango.

Arlene yumo ndani.

Alifariki mwaka juzi, kwa moyo. Tuliuchoma mwili wake kama alivyoagiza. Siku mbili kabla ya kututoka, akiwa hospitalini, alisema, "Nikifa, nitawanyeni kule Tamarack, pale nilipokuwa na furaha." Alipokuwa akilisema hilo alikuwa anamtazama Marcy, lakini mimi ndiye niliyemwelewa. Marcy akamtia kwenye mfuko wa sandwichi, mimi nikautia mfukoni mwa koti. Pale langoni mlinzi wenu aliupekua mkoba wangu, akaninyang'anya soda, na Arlene akampita. Tulimtawanya chini ya mbuzi. Wanachama walivua kofia. Bernie alikuwa ameandaa maneno ya kumuaga, lakini kigari hakisimami, kwa hiyo aliyaanzia kwa mbuzi akayamalizia kwenye baruti, huku mlipuko ukimkatiza.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya msimu, nilipanda kigari cha tatu, na tukifika kwa mbuzi nilimwamkia, "Hujambo, mama Marcy." Kisha nilimpa habari za wiki. Chumba kile ni kifupi, kwa hiyo nilijifunza kusema yaliyo muhimu tu. Arlene alikuwa akinisihi hivyo kwa miaka mingi.

Msijifanye hamjui mambo haya. Katika parokia yetu peke yake kuna wajane wawili na mgane mmoja waliowaweka wapenzi wao kwenye michezo yenu, na mmoja alimtupa mumewe kutoka juu kabisa ya ile treni ya mbao inayopanda na kuporomoka, upepo ukamrudisha. Wafagiaji wenu wanajua. Wana mashine maalumu ya kufyonza majivu, na wanapoitumia wanainamisha kichwa. Nchi nzima watu wanafanya hivi kwenye bustani kama yenu na wakubwa wanatazama pembeni. Nami nawashukuru kwa kutazama pembeni kote huko.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, mnachotaka kukivunja si mchezo, ni makaburi. Tunadai yafuatayo. Kwanza mwite kasisi kabla ya kumwita mkandarasi. Kindi, kama ni lazima ajengwe, ajengwe kuzunguka chumba cha mbuzi, na kila afikapo hapo anyamaze na avue kofia, na kama hana kofia avalishwe ili aivue. Mimi, kwa kuwa ndiye ndugu wa karibu wa marehemu, niingie bila kupanga ile foleni yenu mpya ya kwenye simu, na nisivalishwe miwani, kwa sababu nikienda kumsalimia mke wangu sihitaji kuonyeshwa anga za mbali anakoruka kindi.

Mkikataa, chama kitagoma. Tumelijadili kwa kirefu. Tutaendelea kuja, kwa sababu tiketi za msimu ujao tumeshakata, lakini hatutafurahi. Tutapita mbele ya ofisi yako tukiwa hatufurahi, kila wiki, mpaka uone.

Nimeandika kwa utani hapa na pale kwa sababu Bernie alisema barua kavu hamzisomi. Lakini mimi naogopa, na sioni aibu kulisema. Nyumba yetu Marcy ameipanga upya, nguo za Arlene zimegawiwa, sauti yake kwenye simu ya nyumbani imefutwa na kampuni bila kuniuliza. Mgodi ndipo mahali pekee palipobaki ambapo nikienda najua nakwenda kwa nani. Likishaingia tingatinga, Jumapili sitajua nielekee wapi.

Nisalimie bodi yote, mtaalamu wa vanila, mhandisi asiyekwama, na mlinzi aliyechukua soda yangu, natumaini ilimburudisha. Msalimie hata kindi, kosa si lake. Wanachama wote kumi na mmoja wanakusalimu, isipokuwa Bernie, ambaye ameniomba nisikufikishie yake.

Nabaki kuwa mteja wako mwaminifu na msumbufu,

Wendell J. Hruska
Mwenyekiti

Baada ya sahihi:

Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha Marcy alipokuja kunipikia. Nilimpa aisome, maana nilijivunia lile la kofia. Aliisoma amesimama karibu na jiko. Alipofika namba saba akavuta kiti.

"Baba," akasema, "mama hayumo mle."

Nikamwambia nilimtawanya kwa mkono wangu mwenyewe.

"Ulichotawanya ni majivu ya jiko langu la kuchomea nyama. Nisamehe, baba. Ulikuwa umeshikilia awekwe mle, na mimi nilikuwa nimemuahidi mama. Alinishika mkono pale hospitali, wewe umetoka kutafuta kahawa, akaniambia, 'Chonde chonde, baba yako asinitie kwenye lile shimo linalonuka.'"

Nikamuuliza basi yuko wapi. Akasema yuko kwenye kitalu cha maua kilicho nyuma ya benchi la nje ya Mgodi, karibu na kibanda cha chipsi za siki. Yeye na shangazi yake walimpeleka Jumatano moja, bila kofia wala hotuba. Ni kweli kwamba mgongo ulipoanza kumsumbua, miaka mingi iliyopita, Arlene aliacha kupanda Mgodi akawa ananisubiri pale nje. Sikuona haja ya kulitaja hilo kwenye malalamiko. Nilidhani alikuwa akinisubiri.

"Alikuwa anavua viatu," Marcy akasema. "Ananunua chipsi zake, anakula polepole, haongei na mtu. Aliniambia ndicho kipindi chake kizuri kuliko vyote katika wiki."

Kwa sababu hiyo, Ndugu Meneja, naomba kuyaondoa malalamiko yote, namba moja mpaka saba, na mgomo pia. Vunjeni. Bernie nitazungumza naye mimi. Nina ombi moja tu, kwamba mafundi wenu wakileta magari yao wasikanyage kile kitalu cha maua.

Nilikwenda Jumapili hii, kwa kuwa bado mnafungua mwisho wa wiki mpaka msimu wa sherehe za maboga uishe. Nikanunua chipsi, nikakaa kwenye lile benchi, na baada ya kuhakikisha hakuna anayenitazama nikavua viatu. Pana kivuli na upepo kidogo, na ukipanyamazia unawasikia watoto kwa mbali. Ni pazuri sana. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua, kwa sababu kila yeye alipokuwa hapo, mimi nilikuwa ndani.